Meno Manne Yaliyozidi

Jirani yangu wa Ediofe, hapa Arua, tulimwita Dereva, ingawa miaka yote niliyomfahamu hakuwa na gari, wala baiskeli. Zamani aliendesha lori la tumbaku na simsim, kutoka Arua mpaka Koboko na kuvuka mpaka kwenda kwa Wasudani. Lori likafa, tajiri wake akafa, jina likabaki. Alitembea kwa miguu katikati ya njia, polepole, kama mtu mwenye shehena mgongoni. Akifika kwenye kona alisimama, akatazama kulia, akatazama kushoto, hata kama kilichokuwa kinakuja ni kuku.

Bodaboda hakupanda. Vijana wa stendi walimwita, "Mzee, njoo nikupeleke, bure!" Yeye alizunguka pikipiki yote, akaikagua kama askari wa barabarani, halafu akaondoka.

"Mama Ayikoru," aliniambia, "mimi siwezi kukaa nyuma ya mtu ambaye sijaona breki zake."

Kila kitu kwake kilikuwa breki. Kijana akioa msichana aliyemjua juzi, Dereva alisema huyo hana breki. Padre akihubiri mpaka watoto wakalala mapajani mwa mama zao, Dereva alisema, "Padre iko na injini safi. Lakini breki, hapana." Mimi aliniambia mdomo wangu hauna breki tangu ulipotoka kiwandani. Nilimjibu kwamba mdomo wangu angalau una vifaa vyote.

Na kweli unavyo. Sisemi kwa majivuno, nasema kwa sababu ni kweli: nina wajukuu wengi, mmoja anafanya kazi kwa daktari wa meno hapa Arua, na mimi mwenyewe meno yangu yote yamo. Mfupa wa mbuzi nauvunja. Baba yangu kule Aroi alikuwa mtu wa misheni, akakataa tusiguswe. Lakini mama yangu alikuwa na pengo, shangazi zangu walikuwa na pengo, na Dereva, aliyetoka upande wa Koboko, alikuwa nalo pia. Ninyi mliozaliwa juzi hamlijui jambo hili. Wazee wa zamani waliwatoa watoto meno manne ya mbele, ya chini, ili wawe watu. Mtoto asiyetolewa walimcheka kwamba ana mdomo wa punda. Hayo manne hayakuoza wala kung'olewa na ngumi. Yalitolewa kwa heshima, na mtu alibaki na mlango wake mbele mpaka kaburini.

Mlango wa Dereva ulikuwa na nguzo mbili, yale meno ya pembeni yaliyochongoka, moja huku na moja huku. Yeye aliziita nguzo za geti. Ulimi wake ulikaa katikati ya nguzo hizo, akavuta pumzi, na hapo ndipo ulipotoka mluzi ambao sijausikia kwa mtu mwingine. Haukuwa mluzi wa midomo kama wa vijana wanaoita wasichana. Ulikuwa mwembamba na mrefu, ukapita juu ya mabati, juu ya kelele za shule, ukakukuta ulipo.

Na kila mtu aliyempenda alikuwa na mluzi wake. Padre alikuwa na wake, mfupi wa heshima. Mama muuza dagaa alikuwa na wake. Wangu ulianza chini, ukapanda, halafu ukavunjika juu, kama mtu anayemwita kuku kula mtama. Kila asubuhi nikiwa nimeinama na ufagio uani, ulikuja juu ya ua wa miti.

"Mimi si kuku wako!" nilipiga kelele.

"Lakini umeitika," alisema upande wa pili.

Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yetu. Mume wangu alikwisha kufa zamani, watoto wameolewa na kuoa, kila mmoja na mji wake. Wajukuu huja likizo, wanakula, wanaondoka na chaja zao. Kuna siku nyingi ambazo sauti ya kwanza iliyonisemesha mimi, mimi hasa na si mtu yeyote tu, ilikuwa huo mluzi wa kuku. Sikumwambia. Unamwambiaje mtu kitu kama hicho? Angevimba kichwa.

Watu walidhani Dereva ni mtu wa furaha kwa sababu ya mluzi. Hakuwa. Alichukia kelele. Jirani akifungua redio kubwa, alikwenda kusimama mlangoni mwake bila kusema neno mpaka jirani aone haya. Kanisani alisimama nje, karibu na baiskeli, misa nzima, mvua au jua. Nyimbo zote alizijua, lakini alizipiga mluzi, na mwalimu wa kwaya alimfukuza akisema nyumba ya Mungu si uwanja wa mpira. Basi akabaki nje na baiskeli, anapiga mluzi taratibu. Mimi nilikaa benchi la mwisho karibu na dirisha ili nisikie sauti mbili za wimbo mmoja.

Alikuwa bahili wa sukari. Chai yake ilikuwa chungu kama dawa, na ukiomba sukari alikuangalia kama umeomba shamba. Lakini mkimbizi mmoja kutoka kule ng'ambo ya mpaka alipofika na watoto na hana godoro, Dereva alibeba godoro lake mwenyewe kichwani, akalipeleka, akalala kwenye mkeka. Nilipomuuliza, alisema godoro lilikuwa linamuumiza mgongo. Mwongo mkubwa. Mkeka ndio uliomuumiza, nilimwona anavyoinuka.

Mke wake alikufa kabla sijahamia Ediofe. Mtoto wake mmoja tu aliyebaki yuko mbali, nchi za baridi, anapiga simu ya picha siku za Jumapili. Damu nyingine aliyokuwa nayo duniani ni dada yake, mkubwa kwake, anayeishi Ludara, kule Koboko. Dada huyo haoni. Macho yalimfifia polepole mpaka taa ikazima. Anakaa na mke wa mjukuu wake, msichana mpole mwenye watoto na shamba la muhogo, asiye na muda wa kukaa na kikongwe akamsikiliza.

Kwa dada tu ndipo Dereva alipovaa shati la mikono mirefu. Alinunua chumvi, sabuni na majani ya chai, akapanda gari la Koboko baada ya kukagua matairi yake yote, dereva wa gari akimtukana. Akishuka Ludara hakupiga hodi. Alisimama pale muhogo unapoishia, akapiga mluzi wa dada. Aliwahi kunipigia nisikie: mrefu, ulionyooka, bila kupanda wala kushuka. Na dada, aliyekaa mlangoni kwenye mkeka, alijibu kwa mluzi uleule. Kwa sababu naye alikuwa na mlango.

Halafu Dereva alipiga magoti mbele yake, na dada akanyoosha kidole, akamtia mdomoni, akapapasa pale penye pengo. Akacheka. "Eee, ni wewe."

"Kila mara anakutia kidole mdomoni?" nilimuuliza.

"Kila mara."

"Na kama hajanawa?"

"Mama Ayikoru, wewe mdomo huna breki." Lakini siku hiyo aliniambia na mengine. Walitolewa meno siku moja, yeye na dada. Yeye alikuwa mdogo, akajificha nyuma ya ghala. Dada alikuwa mkubwa kidogo, akasema nitatangulia mimi. Akakaa, akatolewa yote manne, akatema damu, akamgeukia ndugu yake mafichoni na kucheka na damu mdomoni ili aone kwamba mtu hafi. Ndipo yeye akatoka. "Sasa haoni," Dereva alisema. "Lakini kidole chake kinakumbuka."

Basi uzee ukaja na kazi yake. Meno ya juu yalishika, machakavu lakini yake. Ya chini yalianza kuondoka nyuma, moja moja, kama watu wanaotoka msibani. Mwishoni zikabaki zile nguzo mbili tu, nazo zikaanza kutikisika. Alikula uji. Enyasa, ugali wetu wa muhogo, aliumeza bila kutafuna kama dawa. Karanga alizisaga kwa jiwe. Akipiga mluzi alizishika nguzo kwa vidole viwili, ili zisiyumbe.

Jumapili moja mtoto wake alimwona kwenye simu anavyofyonza mfupa.

"Baba, hayo ni maisha gani? Nitakuwekea meno."

"Ya kuazima sitaki. Yanaanguka kwenye supu."

"Siyo hayo. Haya yanafungwa kwa skrubu kwenye taya. Hayaanguki."

Alipoambiwa skrubu, Dereva alitega sikio. Kitu chenye skrubu alikielewa.

Hapo ndipo mjukuu wangu Gloria alipoingia. Gloria ni mtoto wa Ayikoru wangu. Anavaa koti jeupe kwa daktari wa meno hapa mjini, anapanga vyuma, anashika taa, anamwambia mtu tema naye anatema. Nilimpeleka Dereva mimi mwenyewe, nikapita naye sokoni ili watu waniulize tunakwenda wapi. Nikawajibu wote.

Daktari alikuwa kijana kutoka kusini, mikono laini, Kiswahili chake cha kuokota. Akapiga picha ya taya, akaitundika kwenye mwanga, akaonyesha kwa kalamu. Gloria akatufafanulia: "Abi," akasema, maana ndivyo tunavyomwita babu, "hizi nguzo mbili zilizobaki zimeoza chini. Zitatoka. Palepale zitaingia skrubu mbili, kwenye mfupa. Tunaziacha miezi mfupa uzishike. Zikishika, juu yake tunafunga vichwa viwili vidogo vya chuma. Meno yako mapya ya chini yote yako pamoja kwenye bodi moja, na ndani yana vishikizo. Unabonyeza, tak, kama kifungo cha shati. Usiku unayatoa, unayasafisha."

"Kwa hiyo ni bolti mbili," alisema Dereva, "zinashika bodi nzima."

"Ndiyo, Abi."

"Chesisi ya zamani, bodi mpya." Akacheka, akafungua mdomo.

Daktari aliuliza swali moja tu kuhusu pale mbele. Alionyesha pengo, akasema, "Haya yalianguka zamani?" Dereva, mdomo wazi na chuma ndani, akasema "Aa." Daktari akaandika. Kijana wa watu angejua nini? Kwao pengo ni pengo. Nami nilikuwa nimekaa palepale, namwangalia mjukuu wangu na koti lake, sina habari.

Zile nguzo zilitoka. Uso ukavimba, akafunga kitambaa kama mwanamke anayeumwa jino, ukapona. Ile miezi ya kusubiri aliishi na fizi tupu. Hakwenda Ludara. Nilimuuliza mbona, akasema, "Nitakwenda nikiwa kamili. Dada atashangaa." Alikuwa kama kijana anayesubiri suti ya harusi. Asubuhi hakukuwa na mluzi, lakini nilijua ni matengenezo, gari liko gereji.

Siku ya kuyavaa nilikuwepo. Daktari alibonyeza, tukasikia tak, na Dereva akageuka kwenye kioo. Lo! Alipungua miaka. Midomo ilisimama, mashavu yakajaa. Meno ya chini yalipangwa kama punje za mahindi, kutoka huku mpaka huku, hakuna pengo hata la kupitisha uzi. Gloria alipiga makofi. Nami niliona haya kidogo, maana kumbe alikuwa mwanamume mzuri, na mimi ni mjane mzee mwenye kazi zangu.

Alikula! Acheni nieleze alivyokula. Tulipotoka alinunua hindi la kuchoma, akalitafuna njiani, punje zote, akanionyesha gunzi kama kombe la mpira. Karanga alizila jioni nzima, ua mzima ukasikia. Nilipika mbuzi, akavunja mfupa mbele yangu, tukatazamana. "Sasa tuko wawili," akasema. Wale wanaosema meno haya ni upuuzi wa matajiri hawajala uji kwa miaka. Mimi sitayasema vibaya.

Ila neno "sasa" lilitoka jipya. Zamani ulimi wake ulipita kwenye mlango na maneno yake yote yalikuwa na upepo ndani. Sasa s yake ilikuwa kali, kama ya mtangazaji. Watu waligeuka. Mama muuza dagaa aliniuliza, "Huyo mgeni wako ametoka Kampala?"

Asubuhi iliyofuata niliinama na ufagio, nikasubiri. Nikafagia palepale mara ya pili. Nikasikia upande wa pili wa ua, fuuu. Fuuu. Kama mtu anayepoza chai.

"Dereva?" nikaita.

"Subiri."

Tak. Aliyatoa. Fuuu, na mate. Bila meno, midomo iliingia ndani, upepo ukakosa pa kupita. Akiwa nayo ni ukuta, akiyatoa ni shimo. Mlango wenyewe haukuwepo. Akajaribu mpaka kuku wangu wakaja kutazama, halafu akaacha, nami nikajifanya nina moshi machoni.

"Utazoea," nilimwambia.

"Mimi nitazoea," akasema. Akaniacha niongezee mwenyewe ni nani hatazoea.

Alikwenda Ludara kwa shati la mikono mirefu. Kwa kawaida alikaa kule siku kadhaa. Safari hii alirudi jioni ileile, nikamwona anapita getini kwangu katikati ya njia, bila kusimama kwenye kona. Nilimpelekea chakula. Hakukigusa. Akanisimulia huku ameshika kikombe.

Alifika pale muhogo unapoishia, akapiga fuuu. Dada hakuinua kichwa. Akakaribia, akasema, "Dada, ni mimi."

"Wewe iko nani?"

"Ndugu yako. Dereva."

"Ndugu yangu hapana sema namna hii."

Akapiga magoti. Dada, ambaye tangu akili yake ianze kuchoka alisahau majina ya watoto lakini hakusahau jambo moja, akanyoosha kidole chake, akamtia mdomoni. Kidole kikakuta meno. Kikaenda kulia, meno. Kikaenda kushoto, meno. Akakitoa kama mtu aliyeungua.

"Mutu huyu iko na meno hapa," akamwambia yule mke wa mjukuu. "Ndugu yangu hapana. Mutu huyu nakuja kuiba. Fukuza yeye."

"Nilimwambia, Dada, nimewekewa," Dereva alisema. "Nikayatoa, nikamshikisha mkononi. Hapo ndipo alipopiga yowe. Mama Ayikoru, fikiria wewe huoni, halafu mtu anakutia taya mkononi."

Nilitaka kucheka. Kweli, nilikaribia kucheka. Lakini alikuwa anatazama kikombe.

"Wakati natoka," akasema, "nilimsikia anauliza yule msichana, ndugu yangu alikufa lini, mbona hapana ambia mimi. Analia msiba wangu, mimi niko barabarani nasikia."

Alirudi mara nyingine, na nyingine tena. Kila mara dada alikaa mlangoni, ameinamisha kichwa, anasikiliza. Akisikia hatua za Dereva zikija alifurahi. Dereva akifungua mdomo, dada alimkataa. Yule msichana alimwambia kwa upole kwamba bibi amepungua, hali chakula vizuri, na kila jioni anauliza kama mtu wa mluzi amepita. Dereva alielewa. Kama dada angekufa hivyo, angekufa akijua kwamba hana mtu. Na yeye angebaki hai huku ameshaliliwa na mtu pekee aliyekuwa naye.

Asubuhi moja alikuja kwangu amevaa shati. "Nipeleke kwa mjukuu wako."

Kwa daktari alikaa kwenye kiti, akayatoa meno, tak, akayaweka mezani. Akaonyesha kwa kidole yale manne ya mbele. "Haya yamezidi."

Daktari akamtazama Gloria. "Yanamuuma?"

"Hayaniumi. Yamezidi. Yatoe."

"Mzee, haya ndiyo yanayoonekana ukicheka. Watu wanakuja hapa wakilia wanataka haya manne. Uliniambia yalianguka."

"Wewe ulisema yalianguka. Mimi nilikuwa nimejaa vyuma mdomoni." Akatazama chini. "Hayakuanguka. Yalitolewa. Tulitolewa siku moja, mimi na dada yangu."

Gloria wangu alisimama na trei yake. Akamweleza daktari kwa Kiingereza, taratibu, na nilimsikia akitaja jina langu, labda kumweleza kwamba hata mama yangu alikuwa na pengo. Hilo nililijua mimi. Yeye sikujua kama aliwahi kunisikia nikilisema. Daktari aliyachukua meno, akayageuza. Kisha akasema jambo lililonifanya nimsamehe mikono yake laini: "Basi sikumwekea meno yake. Nilimwekea ya mtu mwingine."

Akaeleza kwamba skrubu ziko palepale zilipokuwa zile nguzo mbili, kwa hiyo meno yaliyo juu ya skrubu hizo yatabaki, na bodi itabaki kushika. Manne ya katikati fundi atayakata, apunguze na ile fizi ya bandia, apalainishe ili ulimi usichunike.

"Abi, una hakika?" Gloria aliuliza. "Kuyarudisha ni kazi."

"Mtu aliyepita geti hili wakati wote," akasema Dereva, "unamjengea ukuta, halafu unamuuliza ana hakika?"

Mtoto wake kwenye simu alikasirika. Nilimsikia mpaka kwangu. "Baba, watu watasema nimekuwekea meno nusu!"

"Waambie ni ya Koboko," Dereva alimjibu, akakata simu.

Meno yaliporudi kutoka kwa fundi, yeye hakuyajaribu kwa mluzi. Alikula nayo, alisema nayo, upepo ukarudi kwenye maneno yake, lakini mluzi, hapana. Asubuhi nilifagia kimya. Nilimuuliza anaogopa nini. Akasema mluzi wa kwanza ni wa dada, na kama utakataa kutoka, anataka ukatalie huko, si hapa.

Halafu akasema, "Twende wote. Akinikataa tena, nataka mtu wa kurudi naye."

Tulikwenda. Nilivaa kitenge changu kizuri na kubeba kuku. Kutoka barabarani tulitembea kati ya mihogo, yeye mbele katikati ya njia, nami nyuma nikimwambia avute pumzi. Tulipofika muhogo unapoishia alisimama. Nilimwona dada kwa mara ya kwanza, mdogo kama mtoto, kwenye mkeka mlangoni, ameinamisha kichwa. Yule msichana alikuwa anamenya muhogo. Akatuona, akaweka kisu chini.

Dereva akaweka ulimi. Fuuu.

Akafuta mdomo kwa mkono wa shati. Akaweka tena. Fuuu.

"Songeza ulimi," nilinong'ona, kana kwamba najua.

"Nyamaza, Mama Ayikoru."

Akafumba macho. Na ukatoka. Kwanza kama uzi, unatetemeka, halafu ukajishika, ukanyooka, mrefu, bila kupanda wala kushuka, ukapita uani mpaka mlangoni.

Dada hakufanya lolote. Dereva akapiga tena. Ndipo kichwa kikainuka polepole, na yule kikongwe akakunja midomo. Sasa nguzo zake naye zilikuwa zimeanguka, haukutoka mluzi. Ilitoka hewa. Fuuu. Lakini alipiga, mrefu, ulionyooka, mpaka pumzi ikamwishia.

Dereva alikwenda akapiga magoti. Kidole kikaja, kikaingia, kikakuta nguzo huku, nguzo huku, na katikati mlango. Kikakaa pale muda mrefu. Mate yalimtiririka Dereva kidevuni, na machozi yakafuata njia hiyohiyo.

"Wewe nachelewa," dada akasema. "Mimi nalia wewe bure."

"Ndiyo, Dada."

"Watu nakula chakula ya msiba yako."

"Ilikuwa nzuri?"

Akafikiri. "Chumvi hapana."

Jioni Dereva hakusema kwamba anabaki. Alikwenda tu kuangalia ghala linavuja wapi, akaanza kuhesabu miti ya kulirekebisha, nami nikaelewa. Niliaga. Dada alinishika uso, akanitia kidole mdomoni na mimi, bila ruhusa. Akakuta meno yangu yote.

"Huyu iko mgeni," akasema, bila ubaya.

Nilirudi peke yangu kati ya mihogo. Jua lilikuwa linashuka upande wa Kongo. Nilikuwa nafikiria ua wangu, ule ua wa miti, na nyumba ya upande wa pili ambayo sasa itafungwa, na nani ataniazima kiberiti, mambo ya kijinga tu. Nilipokaribia barabara, mluzi wangu ukanifikia. Ulianza chini, ukapanda, ukavunjika juu.

Nilisimama. Nilikunja midomo, nikaweka ulimi kama nilivyomwona yeye akiuweka, nikapuliza. Ikatoka hewa. Mdomo mzima wa meno, na hakuna mahali pa kupitisha hata salamu moja. Nikapuliza tena. Hewa tu, na mate kwenye kitenge.

Basi nikageukia mihogo, nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote, "Mimi si kuku wako!"

Upepo ulikuwa unatoka kwao kuja kwangu. Sijui kama sauti yangu ilifika.